Asili ya Shujaa katika Kanuni za Dungeons & Dragons

Kitabu cha kanuni za mchezo hakihesabiwi kwa desturi kuwa fasihi. Lakini mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani na kutolewa mwaka 1974, hauchezwi kwa kuliana kete. Watu wachache hukaa mezani. Mmoja wao husimamia na kusimulia, na kila mmoja wa waliobaki huwa na shujaa wake. Mchezaji hutaja atakalo shujaa huyo, na mara nyingi dadu huamua kama litatimia. Basi kanuni zake ni kanuni za kutunga hadithi, na yafaa zihakikiwe kama sanaa nyingine ya masimulizi.

Wengi wanaolinganisha matoleo ya mchezo huu hutazama wepesi wa hesabu. Hilo si dogo, ila liko swali lililo zito zaidi: kila toleo lasema nini juu ya asili ya mtu na uwezo wake?

Shujaa hupimwa kwa mambo sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, alichokiandika Gygax, mpiganaji mwenye nguvu ya 18, kipimo cha juu cha binadamu, aliongezewa daraja la asilimia. Mwanamume aliweza kufika 100. Mwanamke aliishia 50. Wale viumbe wafupi wa milimani, waitwao dwarf kwa Kiingereza, hawakuruhusiwa kuwa wachawi, na hata katika upiganaji hawakupita daraja la 9. Kwa hiyo kuzaliwa kulikuwa ukuta.

Toleo la 1989 liliuondoa mpaka wa mwanamke. Toleo la 2000 lilifungua kazi zote na madaraja yote kwa kila kiumbe, lakini liliacha nyongeza na upungufu wa kuzaliwa. Toleo la 2008 lilifuta upungufu, likabakiza nyongeza. Mwisho, toleo la 2024 liliziondoa nyongeza hizo katika asili na kuzitia katika malezi, yaani kazi aliyoifanya shujaa kabla ya safari zake. Tena liliacha neno “race”, likachukua “species”, yaani spishi. Mfasiri wa Kiswahili na aangalie hapa: akiwaita wale wafupi mbilikimo, atakuwa ametaja watu halisi wa misitu ya Kongo, na kanuni iliyotungwa kwa viumbe vya kubuni itawaangukia wanadamu.

Mtu aweza kusema kwamba ngano zetu nazo hufanya hivyo hivyo: sungura ni mjanja, fisi ni mlafi. Ni kweli. Lakini fisi wa ngano ni kinyago cha tabia ya mtu yeyote, na msikilizaji hujiona ndani yake. Utani wa makabila pia hugawa sifa kwa asili, ila anayetaniwa ana haki ya kujibu, na hakuna aandikaye utani kwa tarakimu. Kanuni ikiisha kuandikwa haitaniki.

Je, toleo la 2024 limeukata mnyororo? Limeusogeza. Malezi 16 yaliyomo katika kitabu cha wachezaji yametajiwa kila moja sifa tatu ziwezazo kuongezwa. Mkulima amepewa nguvu, ustahimilivu na busara, akili hakupewa. Mwenye elimu amepewa ustahimilivu, akili na busara. Kanuni hii na ipimwe kwa Majimoto, katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, ambako Wapimbwe na Wasukuma wanaishi jirani. Mkulima wa mpunga hupima maji ya jaruba, hukisia siku ya kupandikiza, hulinganisha gharama ya vibarua na bei ya mavuno, na kuyaweka yote kichwani. Asiyeiona akili katika kazi hiyo hajaitazama kazi, ameitazama jembe tu.

Hapana budi kutenda haki: kitabu cha msimamizi cha mwaka huo huo chaonyesha jinsi ya kubuni malezi mapya. Lakini ruhusa hiyo imo mkononi mwa msimamizi, na mgeni wa mchezo hukutana kwanza na orodha.

Bao letu hufanya vingine. Lina kete 64, na kila mchezaji hupata 32, awe mvuvi au hakimu. Tofauti huanza mkono unapoanza kucheza. Toleo la 2024 ni bora kuliko yaliyolitangulia, kwa kuwa limeacha kumhukumu shujaa kwa damu yake. Limebaki likimhukumu kwa kazi aliyoifanya kabla ya safari zake. Atakayeuleta mchezo huu katika Kiswahili na ampe mtoto wa mkulima sifa zote sita achague mwenyewe.