Jinamizi la Darwin: Mapanki Yameonekana, Ziwa Halikuonekana

Watanzania waliiita "filamu ya mapanki", na jina hilo la mitaani linaeleza mengi kuliko tafsiri yoyote ya Darwin's Nightmare. Mapanki ni vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kukatwa katika viwanda vya Mwanza na kupakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya. Hubert Sauper wa Austria aliitoa filamu hiyo mwaka 2004. Mwaka 2006 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba inaichafua nchi.

Kwetu sisi wa Batsinda filamu hii haiko mbali. Wazo lake lilimjia Sauper alipokuwa akishughulikia Kisangani Diary, filamu yake kuhusu wakimbizi wa Rwanda katika misitu ya Kongo mwaka 1997. Aliona ndege moja ikileta chakula cha msaada na nyingine ikiondoka na samaki. Taswira hiyo ya ndege mbili ndiyo nguvu ya filamu nzima. Anayemwona rubani akisimulia jinsi alivyopeleka vifaru Angola, kisha akarudi na zabibu, hasahau.

Lakini taswira hiyohiyo imemfunga msanii. Kwa kuwa kwake uovu huja kwa ndege, kamera inatazama angani na uwanjani, na ziwa linabaki kuwa mandhari tu. Viumbe wake wamepewa kazi ya istiari: sangara ni mnyonyaji, furu ni wanyonge waliomezwa. Kifani jambo hilo limefaulu. Kimaudhui limepotosha.

Ni kweli kwamba sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kwamba kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilikuwa zimetoweka. Hata hivyo sangara hakuwa peke yake. Furu jike humchagua dume kwa rangi yake. Maji yakichafuka kwa udongo na mwani, rangi hazionekani, na aina zilizokuwa mbalimbali huchanganyika zikawa moja. Isitoshe, baadhi ya furu walianza kuonekana tena miaka ya 1990, sangara walipopungua kwa kuvuliwa kupita kiasi. Ziwa lililokufa kabisa, kama filamu inavyotaka tuamini, lisingefanya hivyo.

Udongo huo hauji kwa ndege. Mvua ikinyesha Batsinda, maji mekundu hushuka bondeni hadi Nyabugogo, yakaingia Nyabarongo, kisha Akagera, ambao ni mkubwa kuliko mito yote inayomwaga maji katika Ziwa Victoria. Kutoka hapo ni Nile mpaka bahari ya Mediterania. (Wanafunzi wengi hudhani bahari yetu ni ile ya Dar es Salaam, kwa sababu ndiko mizigo inakotoka.) Gugu maji nalo lilisafiri kwa njia hiyo, na miaka ya 1990 likaziba mialo ya wavuvi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na inasifiwa kwa haki. Udongo wa milimani hausikii marufuku. Unataka matuta, miti na vinamasi visivyojengwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopata nafasi katika filamu, maana halina rubani wala bunduki.

Liko pia suala la lugha, ambalo wahakiki wa Ulaya hawakulijali sana. Mlinzi wa usiku wa taasisi ya uvuvi, mhusika anayekumbukwa kuliko wote, anahojiwa kwa Kiingereza. Anasema kwa sentensi fupi za kukwamakwama kuhusu vita na ujira wake wa dola moja kwa usiku. Mtazamaji wa mbali humwona mtu wa kutisha mwenye mawazo mafupi, kumbe ni mtu aliyenyimwa lugha yake.

Walimu watakaoionyesha darasani wanaweza kuisimamisha hapo, wawape wanafunzi kazi ya kuyaandika upya maneno ya mlinzi huyo kwa Kiswahili cha mtu mzima wa Mwanza. Kisha wamwulize, nao wamjibie: ulipokuwa mtoto, maji ya ziwa yalikuwa na rangi gani?