Sitara ya Nyumba katika Al-Inkishafi

Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir umehaririwa na kufafanuliwa mara kadha. Toleo la William Hichens lilitoka mwaka 1939, na lile la James de Vere Allen mwaka 1977. Hata hivyo, aghalabu wahakiki wafikapo kwenye beti za majumba ya Pate yaliyogeuka magofu huzipita kwa haraka. Nyumba kwao ni mali, na mali ni ubatili, basi. Msomaji aulizaye ni nyumba ya namna gani hapati jibu. Upungufu huu si mdogo, kwa maana mshairi hakutosheka na kusema majumba kwa jumla. Ametaja madaka ya kuwekea sahani, ametaja nyumba kati, ametaja misana. Hayo ni majina ya mahali maalumu, na kila mahali pana adabu yake.

Nyumba ya mawe ya Lamu na Pate ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake ikabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, vikapangwa kimoja nyuma ya kingine. Mgeni wa kiume alikalishwa dakani, kwenye mabaraza ya mlangoni. Baada ya hapo kulikuwa na tekani na kiwanda, kisha msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na mwisho kabisa nyumba ya kati. Ukuta wa njiani uliachwa mtupu. Nakshi zilizidi kadiri mtu alivyozidi kuingia, hata akafika kwenye ukuta wa zidaka, safu juu ya safu, lipu yake imechongwa majani, mawaridi na minyororo. (Madaka ya utenzi ni hayo ya ukutani, yasichanganywe na daka la mlangoni, ingawa neno ni moja.)

Kuna wasemao kwamba nakshi hizo zimekosa sura za viumbe kwa sababu ya dini. Ni kweli, lakini kauli hiyo yaeleza tu kile ambacho fundi hakukichonga. Haielezi kwa nini kazi yake bora kabisa ilifichwa machoni pa wapita njia. Linda Donley, katika makala yake ya mwaka 1982, aliuhusisha ukuta huo na uzazi na mauti: nyumba ya kati ndimo mlimozaliwa watoto na kuoshwa maiti, na nakshi pamoja na vyombo vilikuwa kinga. Hata asiyeikubali hoja hiyo yote hana budi kukiri kwamba pambo hili halikuwa la kujionyesha kwa umma. Lilikuwa sehemu ya sitara.

Tukirudi kwenye utenzi kwa ujuzi huo, picha hubadilika. Ndege wamelala penye sahani, wadudu wanalia katika nyumba kati. Viumbe hao wameingia pasipo hodi mahali ambapo hata jirani hakufika. Kinachotisha hapa ni sitara kuvunjwa, zaidi ya mali kupotea. Na mfasiri aandikaye “rafu” na “chumba” ameiondoa fedheha yote katika ubeti, akabakisha uchakavu tu.

Lakini sitara hiyo ilikuwa ya nani? Mshairi alikuwa sharifu, na aliomboleza kwa jicho la waungwana. Mawe na chokaa ya majumba hayo havikubebwa na wenyewe. Katika nyumba za ghorofa za Lamu, jamaa waliishi juu. Chini palikuwa pa bidhaa na watumwa, wala hapakuwa na zidaka. Utenzi unapita vyumba vya mabwana kimoja baada ya kingine. Huko chini haushuki.