Uaminifu wa Risasi

Wauza viungo wa pale Marikiti, katika kisiwa cha Mombasa, wamesalia wachache wasiokubali kukisia, nao aghalabu ni wazee, ambao mteja akitaka iliki huitia katika mizani, wakaongeza punje, wakapunguza punje, hata ulimi wa mizani ukatulia katikati, ndipo wanapofunga karatasi na kupokea fedha. Nilipokuwa nikimtazama mmoja wao hivi karibuni, huku vijana waliosimama nyuma yangu wakinung'unika kwamba anawachelewesha, nilimkumbuka mzee mwingine wa Mji wa Kale, ambaye sasa yuko mbele ya haki, aliyekuwa katika ujana wake mbeba bunduki wa wawindaji walioshukia bandari hii na kupanda gari la moshi kwenda bara. Yeye naye alikuwa mtu wa punje, ila zake zilikuwa za risasi, ambazo uzito wake hadi leo huhesabiwa hivyo, punje 7,000 zikitimia ratili moja.

Alikuwa akitusimulia barazani baada ya sala ya alasiri namna safari ya mawindo ilivyotayarishwa. Kabla ya kuondoka, mkeka ulitandikwa kivulini, masanduku ya risasi yakafunguliwa juu yake, na ikaanza kazi isiyoruhusu haraka wala maongezi. Kila risasi ilifutwa kwa kitambaa kikavu, ikageuzwageuzwa kwenye mwanga ili itazamwe kama ganda lake lina ufa au kutu, na kama kichwa chake kimekaa wima pasi na kulegea. Kitako chake kikapapaswa kwa ncha ya kidole, kwani fataki iliyochomoza kupita kiasi ni hatari, na iliyozama mno huenda isilipuke. Kisha ikatiwa katika bunduki yenyewe, ikaingia na kutoka, ili ile itakayokwama ijulikane hapo mkekani, isije ikajulikana mbele ya nyati. Zilizokubaliwa ziliwekwa kuume, zilizotiliwa shaka zikawekwa kushoto, wala hapakuwa na upande wa tatu. Na mzee alipofika hapo katika masimulizi yake, vidole vyake vilikuwa vikizunguka taratibu hewani, kidole gumba kikitafuta fataki isiyokuwapo, na sisi watoto tulinyamaza kama kwamba risasi yenyewe imo mkononi mwake.

Lakini sehemu ya kazi hiyo aliyoitukuza kuliko zote ni ile ya shabaha. Risasi za mawindo zilikuwa ghali, na za kujifunzia zilikuwa rahisi. Na asiyejua angedhani kwamba yatosha kurekebisha bunduki kwa zile rahisi, kisha siku ya mawindo akatia zile ghali akaenda zake. Bwana wake hakuyakubali hayo abadan. Alitafuta risasi ya shabaha iliyofuata njia ile ile ya risasi ya mawindo, uzito wa kichwa na mwendo vikilingana, na alipoikosa alitumia zile ghali zenyewe, akaona fedha hiyo haikupotea. Kwa maana bunduki ya .30-06 iliyorekebishwa kwa kichwa cha punje 150, ikipewa cha punje 180, yaweza kupiga chini ya pale ilipozoea, na pengine kando, kwa sababu kila mtutu hutetema kwa namna yake kwa kila kipimo cha baruti. Na kadiri masafa yanavyorefuka ndivyo kosa linavyokua, hata jeraha likawa la tumbo badala ya moyo.

Waliolijua jambo hili kwa ukamilifu ni mafundi wa Uingereza waliotengeneza bunduki za mitutu miwili. Fundi alipiga shabaha, akayeyusha lehemu iliyounganisha mitutu, akasogeza kabari kidogo, akaunganisha, akapiga tena, na hakuchoka mpaka mitutu yote miwili ikapiga mahali pamoja. Kisha kipimo kikachongwa juu ya chuma, kama ile .470 iliyochongwa kordaiti 75 kwa 500, yaani punje 75 za baruti na punje 500 za kichwa. Ukiipa risasi dhaifu kuliko hiyo mitutu hutawanyika, ukiipa yenye nguvu zaidi njia zake hupishana. Na kwa kuwa baruti ya kordaiti huzidi ukali katika joto kama hili letu, palikuwa na risasi maalumu za nchi za joto, hata ile ya .450/400 ikapunguziwa baruti kutoka punje 60 hadi 55. Na katika tatizo hili la vichwa vya uzito tofauti ndipo .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912 ilipopata sifa ambayo haijafifia, ya kwamba vichwa vyake vya punje 235, 270 na 300 hupiga takriban mahali pamoja katika masafa ya kawaida ya mawindo.

Wala watu wa pwani hawakungoja kufundishwa hadhari hii. Mwenye gobori alijua kiasi cha baruti kwa vidole alivyohesabu juu ya mdeki uliochomoza mtutuni. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, na mwindaji wa tembo W. D. M. Bell alipotoka Mumias kwenda Karamoja na bunduki ndogo ya milimita 7, yenye vichwa vya punje 173, aliyoipenda kwa kuwa risasi zake hazikumhaini, waliongozana na watu waliokwisha kulijua pori.

Na yule mzee, aliyekuwa Mwislamu mshika dini, alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuithamini shabaha. Mnyama alipoanguka yeye ndiye aliyekimbia na kisu, akataja jina la Mungu, akamchinja kabla roho haijatoka, ili nyama iwe halali kwa wenzake. Na aliyepigwa vibaya akatoroka akafia vichakani alikuwa hasara ya chakula na dhulma kwa kiumbe. Mtume ametuamrisha ihsani hata katika kuchinja, na tukinoe kisu ili mnyama asiteseke. Na kwa mzee, kuzilinganisha risasi kulikuwa sehemu ya amri hiyo hiyo.

Mwezi wa Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na sina ugomvi na sheria hiyo, maana tembo walikuwa wakiteketezwa. Kinachonihuzunisha ni kwamba hata kule Tanzania ambako mawindo yangali halali, na hata ulimwenguni kwingine, hadhari ile imedharauliwa. Siku hizi mtu huamini mwendo ulioandikwa ubavuni mwa sanduku, ilhali ulipimwa katika mtutu mwingine si wake, akauingiza katika simu impigie hesabu, na akitoka hapo akajiona mlengaji. Mashine hujibu kwa yale iliyoambiwa tu. Bunduki husema kweli ya mtutu wake, na kweli hiyo haipatikani ila kwa kuipiga kwa risasi ile ile utakayoiamini siku ya kazi. Afanyaye mazoezi kwa kitu kimoja na kutenda kwa kingine hujidanganya nafsi yake, na deni la udanganyifu huo hulipwa na mnyama.

Mabwana waliandika vitabu vyao, wakataja bunduki zao na pembe walizopata, na vitabu hivyo vingali vinasomwa. Waliokaa mkekani wakizifuta risasi na kuzitenga kuume na kushoto hawakuandikiwa kitu. Wametutoka mmoja mmoja, na elimu yao, iliyokuwa nusu ya mafanikio ya safari zile, imezikwa pamoja nao.