Mafuta au Gesi: Hesabu ya Joto la Nyumba Maine

Katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, msimu wa kupasha nyumba joto huanza Oktoba na kwa kawaida hauishi kabla ya Mei. Hakuna jimbo jingine la nchi hiyo linalotegemea mafuta kwa kazi hiyo kwa kiwango kama hiki. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya nyumba za Maine zimepata joto kutokana na mafuta ya jamii ya dizeli yanayoletwa na lori hadi mlangoni, ilhali gesi ya bomba imefika kwa chini ya nyumba 1 kati ya 10. Portland na Lewiston, miji miwili kati ya ile ambako bomba hilo lipo, ndiyo hiyo hiyo ambako zimehamia familia nyingi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, na Kiswahili kinasikika madukani na kwenye ngazi za maghorofa. Kwa hiyo swali la mafuta au gesi limekuwa swali la wasemaji wa lugha hii pia. Jibu la haraka ni kwamba gesi ni nafuu, na kwa majira mengi ya baridi ni kweli. Lakini unafuu wa gesi ni jambo moja na faida ya kuhamia gesi ni jambo jingine, na anayeyachanganya anaweza kutumia dola 10,000 ili aokoe 400 kwa mwaka.

Tatizo la kwanza ni vipimo. Mafuta huuzwa kwa galoni, ambayo ni lita 3.8 hivi. Gesi ya bomba huuzwa kwa themu, kipimo cha joto lenyewe. Propani, gesi inayoletwa kwa lori na kuwekwa kwenye tangi nje ya nyumba, huuzwa tena kwa galoni, ila galoni yake haina nguvu sawa na ya mafuta. Kuziweka bei hizi tatu ubavu kwa ubavu ni sawa na kulinganisha debe la mchele na kilo ya unga. Msomaji anayenunua umeme kwa LUKU au kwa tokeni tayari anacho kipimo kimoja kinachofaa kwa zote, nacho ni uniti, yaani kilowati-saa. Galoni ya mafuta ina joto la uniti 40.6. Themu moja ya gesi ina uniti 29.3. Galoni ya propani ina uniti 26.8 tu, theluthi mbili ya galoni ya mafuta, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanaona propani ya dola 3.20 kando ya mafuta ya dola 3.50 wakadhani wamepata nafuu.

Joto lililomo ndani ya nishati si lote linalofika chumbani. Mitambo ya zamani hupeleka ndani asilimia 56 hadi 70 ya joto, na kilichobaki hupanda na moshi kwenye dohani. Boila mpya ya mafuta, mtambo unaopasha maji yanayozungushwa vyumbani, hufikia asilimia 85 hivi. Boila za gesi za kisasa hutangazwa kwa asilimia 95 na zaidi, na sababu yake ni ya kikemia. Gesi ina haidrojeni nyingi, na haidrojeni ikiungua hutoa mvuke wa maji uliobeba joto. Boila hizi huupoza moshi mpaka mvuke huo ugeuke kuwa maji, na joto lake linabaki ndani. Ila jambo hilo hutokea tu ikiwa maji yanayorudi kwenye boila kutoka vyumbani yamepoa chini ya nyuzi 55 hivi za Selsiasi. Nyumba nyingi za kule zina mabomba ya joto yaliyolazwa chini ya kuta na kupangwa kwa maji ya nyuzi 82. Ukifunga boila ya asilimia 95 kwenye mabomba hayo bila kubadili chochote, siku za baridi kali mvuke hautageuka maji, nayo itafanya kazi kama boila ya asilimia 87. Fundi hodari hufunga kidhibiti kinachoshusha joto la maji kadiri hali ya hewa inavyopungua ukali. Fundi mvivu huacha nyuzi 82 mwaka mzima, na mwenye nyumba hubaki akishangaa ule unafuu wa kwenye tangazo umekwenda wapi.

Tuchukue nyumba ya mfano inayohitaji uniti 20,000 za joto kwa msimu, na bei za mfano: mafuta dola 3.50 kwa galoni, gesi dola 1.80 kwa themu pamoja na gharama ya kuisafirisha, propani dola 3.20. Kwa boila mpya ya mafuta nyumba hiyo itachoma galoni 580, yaani dola 2,030. Kwa boila ya gesi ya asilimia 95 itatumia themu 718, sawa na dola 1,293. Hapo muuza boila huishia. Lakini kampuni ya gesi hutoza pia ada ya kila mwezi ya kuunganishwa, hata Julai ambapo hakuna kinachowaka. Tukiikadiria kuwa dola 25, mwaka mzima ni dola 300, na gesi inafika 1,593. Tofauti ya kweli ni dola 437. Ikiwa boila ya gesi imefungwa vibaya na inafanya kazi kwa asilimia 87, tofauti inashuka hadi 317. Propani, ijapokuwa bei ya galoni yake ndiyo ndogo, inafika takriban dola 2,500 na kuwa ghali kuliko zote. Kwa nyumba zilizo mbali na bomba, yaani sehemu kubwa ya Maine, neno gesi humaanisha propani, na ushauri kwamba gesi ni nafuu unawapeleka wenye nyumba hizo pabaya.

Sasa tuiingize boila iliyochoka, ya asilimia 70. Hiyo inachoma galoni 704, dola 2,463. Mwenye nayo akihamia gesi anaokoa dola 870 kwa mwaka, na takwimu hiyo ndiyo atakayowasimulia majirani. Lakini kama angenunua boila mpya ya mafuta angeokoa dola 433 bila kubadili nishati yoyote. Nusu ya sifa wanayopewa watu wa gesi ni ya mtambo mpya. Hili ndilo kosa kubwa katika ulinganisho unaofanywa kila siku: boila mpya ya gesi hupambanishwa na boila kuukuu ya mafuta, kisha ushindi wote ukahesabiwa wa gesi.

Kosa hilo lina gharama kwa sababu kuhama hakufanyiki bure. Tuseme boila ya gesi, bomba la kuingia ndani, marekebisho ya dohani na kuondoa tangi la mafuta vinafika dola 10,000. Mwenye boila nzuri ya mafuta anayeokoa 437 kwa mwaka atahitaji miaka 23 kurudisha fedha zake, na boila yenyewe huenda isifike umri huo. Lakini kwa mtu ambaye boila yake imekufa na lazima anunue nyingine, dola 10,000 si gharama ya kuhama. Boila mpya ya mafuta nayo ingemgharimu, tuseme, 7,000. Anacholipa kwa ajili ya gesi ni zile 3,000 za juu, na hizo zitarudi kwa miaka 7. Nyumba ni ile ile na bei ni zile zile, ila majibu mawili yanapingana, na kinachoyatenganisha ni umri wa boila.

Wapo watakaosema kwamba bei zangu za mfano zinaweza kubadilika kesho. Wana haki, na hoja yao inauongezea uzito msimamo huu. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, mafuta ya kupashia joto yalipita dola 5 kwa galoni katika eneo lile. Kwa bei hiyo nyumba yetu ingelipa dola 2,900, na gesi ingeonekana mkombozi. Miaka miwili nyuma yake, wakati wa janga la korona, mafuta yalikuwa chini ya nusu ya hapo. Kwa dola 2.50 nyumba hiyo ingelipa 1,450, pungufu kuliko gesi ya mfano wetu. Uamuzi wa kununua mtambo wa miaka 20 ukifanywa kwa bei ya wiki moja, utafuata hofu ya wiki hiyo.

Hoja nzito zaidi ni kwamba gesi, hata kama hailipi haraka, ina bei tulivu. Kwa mteja wa nyumbani ni kweli kwa kiasi, kwa kuwa bei yake huidhinishwa na mamlaka ya jimbo kwa msimu badala ya kupanda na kushuka kila asubuhi. Hata hivyo eneo la New England, ambalo Maine ni sehemu yake, halina visima vyake vya gesi. Gesi yake hutoka Pennsylvania na Kanada kwa mabomba yasiyotosha siku za baridi kali, na nyingine huletwa kwa meli, ikiwa imepozwa mpaka kuwa kimiminika, hadi kituo cha Everett karibu na Boston kilichoanza kazi mwaka 1971. Takriban nusu ya umeme wa eneo hilo huzalishwa kwa gesi hiyo hiyo, hivyo mitambo ya umeme na boila za nyumbani huihitaji saa moja. Tena kuna gharama ya mabomba yenyewe. Septemba 13, 2018, kazi ya kubadilisha mabomba chakavu ya chuma ilisababisha shinikizo la gesi kupanda kupita kiasi katika miji ya Lawrence, Andover na North Andover, jimbo la Massachusetts, na nyumba zikalipuka na kuungua. Kubadilisha mabomba ya namna hiyo ni lazima kwa usalama wa watu, na gharama yake huwekwa kwenye bili za wateja. Sehemu hiyo ya bili haishuki hata gesi yenyewe ikiwa rahisi. Mwenye mafuta angalau huweza kujaza tangi lake la galoni 275 wakati wa kiangazi, kama bei ni nzuri na fedha anazo. Lakini umeme ukikatika, boila zote mbili huzimika, na hilo linasahaulika mno katika mabishano haya.

Kuna fedha nyingine ambayo mjadala wa mafuta na gesi huificha. Shirika la serikali kuu ya Marekani linalosimamia mazingira linakadiria kwamba kuziba mianya ya upepo na kuongeza tabaka la kuzuia joto darini na chini ya sakafu hupunguza gharama za kupasha na kupoza nyumba kwa wastani wa asilimia 15. Kwa nyumba yetu ya mafuta hiyo ni galoni 87, dola 305 kwa mwaka, karibu robo tatu ya faida ya kuhamia gesi. Mafuta yakifika dola 5, akiba nayo inapanda hadi 435. Siku nyumba itakapohamia gesi, kazi hiyo itaendelea kupunguza bili, na boila itakayonunuliwa itaweza kuwa ndogo zaidi. Inanisikitisha kwamba kazi hii huja ya mwisho katika mipango ya familia nyingi, ilhali ingepaswa kutangulia.

Pampu za joto za umeme, mitambo inayovuta joto la hewa ya nje na kuliingiza ndani, nazo zimeingia kwa kasi. Mwaka 2019 Maine ilijiwekea lengo la kufunga 100,000 ifikapo 2025, na lengo hilo likafikiwa 2023. Pampu hutoa uniti 2 hadi 3 za joto kwa kila uniti ya umeme, kwa hiyo umeme wa senti 25 hugeuka kuwa joto la senti 10 hivi kwa uniti. Mafuta ya mfano wetu katika boila mpya yanatoa joto la senti 10 pia, gesi pamoja na ada yake ni senti 8, propani ni zaidi ya 12. Mwenye propani ana sababu ya kuichukua pampu leo. Mwenye mafuta anaweza kuifunga kwa ajili ya miezi ya baridi nyepesi na kuiachia boila siku za theluji nzito. Mwenye gesi haoni akiba, ingawa anaweza kuitaka kwa sababu za mazingira, nazo ni sababu halali.

Waliobaki ni wapangaji, nao ndio wengi kati ya waliofika kule karibuni. Mpangaji hachagui boila, ila mara nyingi ndiye anayelipia joto. Wanaokaa katika nyumba za kuhamishika wana shida ya ziada. Tangi lao liko nje, mafuta ya kawaida huganda humo kwa baridi, na hulazimika kununua mafuta ya taa, ambayo ni ghali zaidi na yana joto pungufu kidogo kwa galoni. Msaada wa serikali uitwao HEAP upo kwa wenye kipato kidogo, na huombwa kupitia mashirika ya jamii ya kila wilaya. Kuhusu nyumba yenyewe, kujua kama ni ya mafuta au ya gesi hakumwambii mpangaji atakacholipa. Nyumba iliyozibwa vizuri inayochoma galoni 500 kwa bei zetu za mfano itamgharimu dola 1,750, na ghorofa bovu la gesi linalokula themu 900, pamoja na ada, litamgharimu 1,920. Sheria ya Maine inamtaka mwenye nyumba kumpa mpangaji anayejilipia nishati taarifa ya hali ya nyumba katika matumizi ya nishati. Taarifa hiyo idaiwe kabla ya kusaini mkataba, pamoja na idadi ya galoni au themu zilizotumika msimu mzima uliopita.