Tahri 1,303: Wanyama Tumehesabu, Nyasi Je?

Mwaka 2025 jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, lilitangaza kuwa lina tahri wa Nilgiri 1,303. Mwaka mmoja kabla walikuwa 1,031. Watu wakashangilia: mbuzi wa milimani anarudi! (Kijenetiki yuko karibu zaidi na kondoo, ila hayo tuyaache kwa leo.) Ndugu msomaji, vigelegele tuviweke kwanza.

Tahri jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Kuongezeka kwa asilimia 26 ndani ya mwaka mmoja ni kasi kubwa mno kwake. Tena sensa ya pili ilipita maeneo mengi kuliko ya kwanza. Ukipekua vyumba vingi zaidi utakuta vitu vingi zaidi, lakini huwezi kusema vimezaliana.

Hata hivyo, tatizo kubwa liko kwenye malisho. Tahri anaishi kwenye nyasi za milimani, kati ya mita 1,200 na 2,600 hivi, karibu na miamba anayokimbilia akiona hatari. Wakoloni wa Kiingereza waliziona nyasi hizo kama ardhi ya bure. Ikapandwa chai, mikaratusi na miwati ya Australia. Baada ya uhuru upandaji ukaendelea. Na muwati ni mbishi: ukiukata unachipua, mbegu zake zinakaa udongoni miaka na miaka. Miti ikijaa katikati, makundi ya tahri yanatengana, na kundi dogo lililofungiwa huishia kuzaana ndugu kwa ndugu.

Tuwe wa haki: mradi wa tahri uliotangazwa na jimbo hilo mwaka 2022 umeweka pia urejeshaji wa nyasi. Basi kila mwaka watutangazie hekta zilizorudi, sio idadi ya vichwa peke yake. Angalia Eravikulam, jimbo jirani la Kerala, hifadhi ya taifa tangu 1978. Zamani wenye mashamba ya chai waliiacha iwe sehemu yao ya kuwinda, hivyo haikulimwa. Leo ndiko kwenye kundi kubwa kuliko yote.

Na sisi tunahusika. Kitulo yetu ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua na nyasi zake. Kwa hiyo siku ukialikwa kupanda miti kwenye mlima wa nyasi, kabla hujashika jembe uliza: hapa nani alikuwa anakula?