Koti Likishavuliwa

Koti la manyoya husifiwa likiwa mwilini. Mimi nawasifu wanaolitunza likishavuliwa, na katika kazi hiyo siwajui wa kuwapita wanawake wa Kiinuit, wenyeji wa Aktiki ya Kanada.

Ngozi wanayoipenda ni ya karibuu, mnyama wa jamii ya kulungu. Ndani ya kila unywele wake mna vishimo vya hewa, na hewa hiyo iliyofungiwa ndiyo inayolizuia joto la mwili lisipotee. Ngozi bora hupatikana mwishoni mwa kiangazi, matundu yaliyotobolewa na mabuu ya nzi yakiwa yamekwisha kuziba na manyoya hayajawa mazito mno. Huparwa, hulainishwa kwa mikono, kisha hushonwa kwa uzi wa kano za mgongo wa karibuu. Baridi ikikaza huvaliwa makoti mawili: la ndani manyoya yakigusa mwili, la nje yakielekea upepo.

Kazi ndiyo kwanza inaanza. Ngozi hii haikutiwa dawa za kiwandani. Ikilowa na kukaa kwenye joto huoza, na manyoya yakanyonyoka. Koti haliogopi baridi hata kidogo. Linaogopa theluji inayoyeyuka. Ndiyo sababu mwindaji aliyetoka safarini, hata akiwa anatetemeka, haingii moja kwa moja ndani. Kwanza koti hukung'utwa kwa kipigio cha mti, mfupa au pembe, mpaka theluji yote idondoke ingali kavu. Nauheshimu sana ustahimilivu huo wa mlangoni.

Katika nyumba za theluji za zamani, koti la nje liliachwa kwenye ujia wa baridi. Vilivyolowa jasho, kama viatu na glavu, vilipandishwa kwenye uchaga juu ya taa ya jiwe iliyowaka mafuta ya sili, vikauke taratibu, kwani moto mkali huikakamaza ngozi. Mama wa nyumba alivigeuza, akapapasa mishono, akalainisha palipokauka, akashona palipofumuka. Kesho yake mumewe angekuwa mbali juu ya barafu, na upepo ungeutafuta mshono huohuo uliolegea.

Mnorwe Roald Amundsen aliuona utunzaji huo kwa macho yake. Kati ya 1903 na 1905 aliishi jirani na Wainuit wa Netsilik, mahali paitwapo leo Gjoa Haven, akajifunza mavazi yao. Na safari iliyomfikisha Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911 ilitegemea manyoya yaliyofuata mtindo huo. Vitabu vinamtaja yeye. Waliomfundisha kuvaa na kukausha walistahili kutajwa pamoja naye, ukurasa uleule.

Siku hizi wengi huvaa makoti ya dukani, lakini katika vijiji vya Nunavut, kaskazini mwa Kanada, koti la karibuu bado hushonwa kwa ajili ya safari ndefu za uwindaji. Kiangazi kikija, zipo familia zinazolihifadhi kwenye friza, mbali na joto na wadudu, mpaka baridi irudi.