Kumjenga Wrex

Anayemwandika sahaba wa gemu ana taabu moja ambayo mwandishi wa riwaya haijui: mchezaji anaweza kumpita mhusika wake njiani bila hata kumsalimia. Katika Mass Effect, gemu ya kuigiza uhusika iliyotengenezwa na BioWare huko Edmonton, Kanada, na kutoka Novemba 2007, Urdnot Wrex tunamkuta kwenye ofisi za polisi wa Citadel, kituo cha angani, akijibizana na askari. Ni Mkrogani, kiumbe mwenye nundu mgongoni na makovu usoni, na anaishi kwa kazi za kukodiwa. Kamanda Shepard, yaani wewe uliyeshika pedi, unaweza kumchukua. Unaweza pia kumwacha hapohapo ukaondoka na sahaba mwingine, Garrus, na hadithi ikaenda hadi mwisho bila yeye. Kwa hiyo waandishi, wakiongozwa na Drew Karpyshyn, walikuwa na kazi mbili kwa mkupuo: kumpa Wrex uzito wa mtu asiyesahaulika, na kuhakikisha kwamba hakuna tukio linalokwama asipokuwepo.

Wanaanza na tendo. Wrex amelipwa amuue Fist, mwenye baa ya Chora's Den. Ukienda kwa Fist ukiwa na Wrex, unamhoji, unapata habari ulizozifuata, kisha Wrex anampiga risasi. Hukuulizwa, wala hakuna kitufe cha kumzuia. Tangu hapo mchezaji anajua kwamba huyu si sahaba wa kuitikia hewala kila anapoamriwa. Ana shughuli zake, na kwa sasa njia yake na yako zimekutana. Tukio lenyewe ni fupi sana, lakini bila hilo yale yatakayotokea baadaye kwenye sayari ya Virmire yasingeaminika.

Baada ya hapo kazi inapoa, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Kila unaporudi kutoka misheni kubwa unaweza kushuka kwenye ghala la chini la chombo chenu, Normandy, ukamkuta Wrex amesimama palepale. Unamsogelea. Anasema “Shepard.” Unajibu “Wrex.” Wachezaji wengi wanaikumbuka salamu hiyo kuliko hotuba zote za gemu. Mchezaji huchagua mwenyewe jina la kwanza la Shepard, kwa hiyo hakuna mhusika anayeweza kulitamka, na pia Shepard anaweza kuwa mwanamume au mwanamke, kila mstari wake umerekodiwa mara mbili, kwa sauti ya Mark Meer na kwa ya Jennifer Hale. Limebaki jina la ukoo peke yake. Waandishi wameuchukua ufinyu huo wakamtengenezea Wrex namna yake ya kusalimia.

Mazungumzo yanapita kwenye gurudumu la maneno linalotokea chini ya skrini. Upande wa kushoto kuna maswali ya kuchimba zaidi, upande wa kulia kuna majibu ya kusogeza mbele: la upole juu, la ukali chini. Mchezaji mwenye haraka anabonyeza kulia mara mbili na kuondoka, na gemu haimwadhibu wala haimkumbushi. Anayechimba kushoto anasikia kuhusu genofeji, ugonjwa ambao jamii mbili nyingine zilihusika nao, Wasalariani wakiutengeneza na Waturiani wakiusambaza, ili kuwadhibiti Wakrogani, ambao tangu hapo mimba moja tu katika elfu ndiyo inayofikia uhai. Akirudi siku nyingine anasikia kuhusu baba yake Wrex, Jarrod, aliyemwita mwanawe kwenye mkutano wa amani mahali patakatifu akamtegea wauaji, na mwana akalazimika kumuua baba. Wrex anayasimulia hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya vipuri. Mwigizaji wake, Steven Barr, hapandishi sauti hata kidogo, na uamuzi huo umebeba nusu ya mhusika.

Mwisho wa mazungumzo hayo, kwa aliyevumilia, linajitokeza jambo dogo. Kuna deraya ya ukoo iliyonyang'anywa Wakrogani baada ya vita vyao, na Wrex ameapa kuirudisha. Ukiamua kumsaidia, unasafiri hadi sayari ya Tuntau, unapigana na watu wa Tonn Actus, unaipata. Ni takataka, na Wrex mwenyewe anashangaa kwamba mababu zake walivaa kitu kibovu kiasi kile. Mchezaji aliyetegemea zawadi ya maana anacheka au anakasirika. Hakuna kinachomwambia kwamba ndani ya faili yake ya kumbukumbu kuna swichi ndogo imegeuka kutoka hapana kuwa ndiyo.

Naomba nitoke nje ya njia kidogo. Mwaka 2009 kampuni hiyohiyo ilitoa Dragon Age: Origins, na humo urafiki una kipimo kinachoonekana kwa macho, kuanzia -100 hadi 100. Kila jibu linaongeza au linapunguza, na ukiteleza unafidia kwa zawadi: sahaba mmoja, Morrigan, anapenda vito, mpe kioo cha dhahabu, namba inapanda. Ni gemu nzuri, na masahaba wake wana mipaka isiyonunulika. Ukiyanajisi majivu matakatifu ya Andraste mbele ya mwingine, Wynne, atakugeukia kwa silaha, hata kama jana mlikuwa mkitaniana. Lakini kipimo kile kinamfanya mchezaji dalali. Jicho linahama kutoka usoni pa mtu na kwenda kwenye namba, na swali “huyu anaamini nini?” linageuka kuwa “huyu anataka nini nimpe?” Wrex hana namba ya kutazama. Hujui umesimama wapi naye mpaka siku mambo yatakapoharibika.

Siku yenyewe inafika Virmire. Adui, Saren, amepata tiba ya genofeji na anaitumia kuzalisha jeshi la Wakrogani katika kituo chake. Kapteni Kirrahe, Msalariani, anataka kituo chote kilipuliwe. Wrex anasikia haya, anaondoka, anakwenda ufukweni na kuanza kufyatua bunduki majini. Lazima umfuate.

Angalia jinsi tukio hili lilivyosukwa. Hasira ya Wrex ni ya haki: anatakiwa kusaidia kuiteketeza tiba ya watu wake, na anayetoa wazo hilo anatoka katika jamii iliyouleta ugonjwa. Ukimsikiliza huwezi kusema amekosea. Mtu wa kwanza kuelekeza mtutu ni yeye, nawe unachomoa bastola, na gurudumu la maneno linafunguka wakati silaha ziko juu. Kama mapema uliweka pointi za kutosha kwenye ustadi wa kubembeleza au wa kutisha, unaliona jibu la rangi ya buluu au nyekundu: unaweza kumwambia kwamba Wakrogani wa Saren si watu wake tena bali ni watumwa. Kama hukuweka pointi, majibu hayo yapo lakini yamefifia, huwezi kuyachagua. Hata hivyo, kama uliifuata ile deraya, njia nyingine iko wazi bila pointi hata moja. Wrex anakumbuka kwamba ulimtendea wema ambao ukoo wake haukumtendea, anashusha bunduki, na anakuwekea sharti kwamba utakapomkuta Saren, kichwa chake atakitaka yeye.

Usipokuwa na lolote kati ya hayo, Ashley, mwanajeshi wako mwingine, anatokea nyuma na kumpiga risasi. Au unampiga wewe.

Nilichopenda zaidi ni kwamba hoja nzuri peke yake haitoshi. Mchezaji anaweza kusoma kila jibu kwa makini, akachagua la busara kuliko yote, na bado Wrex akafa, kwa sababu kinachopimwa pale ufukweni ni pointi zilizowekwa mapema, au zile safari za kushuka ghalani na saa moja iliyotumika kwenye deraya mbovu. Waandishi walipanda mbegu hiyo saa nyingi kabla, wakaifunika kwa kitu kisicho na thamani, na wakajizuia kuweka alama ya kumwelekeza mchezaji. Kujizuia huko ndiko kugumu kuliko yote, maana kila mtengenezaji anatamani kazi yake ionekane.

Halafu misheni ileile inaendelea, na kabla haijaisha unatakiwa kuchagua nani kati ya wanajeshi wako wawili utamwacha afe kwenye mlipuko, Kaidan au Ashley. Kwa aliyemwona Ashley akimuua Wrex dakika chache zilizopita, uamuzi huo si uleule wa jirani yake aliyetoka ufukweni na marafiki wote. Hakuna mstari wa mazungumzo ulioongezwa kumkumbusha. Matukio mawili yamewekwa karibu, basi, na mchezaji anafanya hesabu mwenyewe.

Gemu ya pili ilitoka Januari 2010 ikiwa na uwezo wa kuisoma faili ya kwanza. Unatua Tuchanka, sayari ya Wakrogani, na kwenye kiti cha ukoo wa Urdnot kuna mtu. Kama Wrex alipona, ni yeye: anamwacha mgeni aliyekuwa akizungumza naye, anakuja na kukupokea kwa jina, na anakueleza kwamba Virmire palikuwa mahali pa kugeukia, kwamba sasa anaunganisha koo. Kama alikufa, aliyekaa ni Wreav, ndugu yake, anayekuona kero. Kazi utakazopewa ni zilezile na njia za kupita ni zilezile, hata jando la kijana wa Kikrogani, Grunt, linafanyika katika nyumba zote mbili. Kilichobadilika ni hewa. Kazi hii ni kama ya msusi wa ukili anayeingiza mwaa wa rangi: upana haubadiliki, mkeka utatoshea kitandani vilevile, ila ua litakalotokea ni jingine.

Anayeanza na gemu ya pili bila faili ya kwanza, watengenezaji wanamchagulia, na walichochagua ni kwamba Wrex amekufa. Nimesikia watu wakilalamika. Mimi naona ni ukarimu kwa waliotangulia: aliyemwokoa Wrex anakuta kitu ambacho mgeni hapewi hivihivi.

Machi 2012 ikaja gemu ya tatu, na uzi unavutwa mpaka mwisho. Sasa tiba ya genofeji ipo, na anayetaka kuirusha angani kupitia mnara uitwao Shroud ni Mordin, mwanasayansi Msalariani aliyewahi kuuimarisha ugonjwa huo. Kiongozi wa Wasalariani, Linron, anakunong'oneza: mnara ulihujumiwa zamani, tiba haitashika, nyamaza nami nitakupa msaada wa vita. Unaweza kusema kweli, na Mordin atapanda mnarani kurekebisha, akafia huko. Unaweza kuficha. Akigundua, unaweza kumzuia kwa risasi.

Kuna mlango wa tatu, wa kumshawishi Mordin aachane na mpango huo, na hapo anabaki hai. Mlango huo uko wazi kwa mchezaji mmoja tu: yule ambaye Wreav ndiye anayewaongoza Wakrogani wake, na ambaye Eve, mwanamke wa Kikrogani mwenye busara aliyesaidia kupatikana kwa tiba, amekufa. Eve anakufa kama katika gemu ya pili uliziharibu takwimu za mtafiti aitwaye Maelon. Chukua kalamu ufuate nyuma: ili Mordin aishi mwaka 2012, ilibidi Wrex awe hayupo tangu 2007 na karatasi za mtafiti ziwe zimeteketezwa mwaka 2010. Na si fumbo la kiholela. Mordin anakubali kwa sababu ana haki ya kukubali. Akiwa na Wreav mwenye kiu ya kisasi na bila Eve wa kumtuliza, kuwaponya Wakrogani ni kuwasha vita vingine. Wrex akiwa hai hoja hiyo haisimami, na waandishi hawakukuruhusu uisimamishe. (Kama Mordin mwenyewe alikufa katika gemu ya pili, Msalariani mwingine, Padok Wiks, anachukua nafasi yake. Hata pengo hilo waliliandikia mtu.)

Na kama Wrex yu hai ukamdanganya? Tiba inaonekana imerushwa, watu wake wanashangilia, anakuita rafiki mbele ya wote. Vita vinaendelea, unafanya misheni nyingine, pengine umeshasahau. Kisha siku moja, kwenye gati za Citadel, anakusubiri na bunduki. Amejua. Safari hii gurudumu la maneno halina deraya wala jibu la buluu la kumrudisha, na anauawa pale gatini. Steven Barr alirekodi maneno ya tukio hilo kwa ajili ya wachezaji waliookoa maisha ya Wrex, wakamsindikiza kwa gemu mbili, kisha wakamuuza. Idadi yao haiwezi kuwa kubwa, lakini mandhari, mwendo wa kamera na sauti vimepewa kazi ileile iliyopewa mapokezi ya Tuchanka.

Tangu Mei 2021 gemu zote tatu zinauzwa pamoja kwa jina la Mass Effect Legendary Edition, na faili inaweza kuhamishwa kutoka moja hadi nyingine. Anayeanza leo, amchukue Wrex pale kwa polisi, ashuke ghalani kila arudipo, na abonyeze kushoto mpaka maswali yaishe.